Uzi: Ubingwa wa futiboli ya vyuo Marekani 2003, na pointi 0.16 zilizoiacha USC nje ya fainali

Jedwali_Wazi (mleta uzi)

Wakuu, mjadala wa ubingwa wa vyuo ukianza, msimu wa 2003 hautakosa kutajwa. Tatizo ni kwamba unatajwa kwa sentensi moja, "kompyuta ziliinyima USC" (Chuo Kikuu cha Southern California), halafu watu wanaanza kurushiana maneno. Hesabu za msimu ule zipo, ni fupi, na yeyote mwenye kalamu anaweza kuzikagua. Naziweka hapa.

Kwanza msingi. Katika daraja la juu la futiboli ya vyuo, NCAA, chama cha michezo ya vyuo, yenyewe haikuwa ikitoa ubingwa. Bingwa alitangazwa na kura: kura ya waandishi ya shirika la habari la AP na kura ya makocha. Kura hizo zilipotofautiana, taifa lilikuwa na mabingwa wawili, kama ilivyotokea 1990 (Colorado na Georgia Tech), 1991 (Miami na Washington) na 1997 (Michigan na Nebraska). BCS ilianzishwa 1998 kuziba tundu hilo: fomula ipange timu, mbili za juu zikutane, mshindi awe bingwa.

Fomula ya 2003 ilikuwa na vipengele vitano, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inakaa juu:

1. Wastani wa nafasi katika kura mbili, ya AP na ya makocha.
2. Wastani wa nafasi katika kompyuta, yaani programu zinazopanga timu kwa hesabu. Zilikuwa saba, ile iliyoiweka timu chini zaidi inatupwa, sita zinabaki.
3. Ugumu wa ratiba: nafasi ya timu kwa ugumu wa wapinzani wake, igawanywe kwa 25. Kila nafasi ni pointi 0.04.
4. Mechi ulizopoteza, kila moja pointi 1.
5. Punguzo kwa kuifunga timu iliyomo kumi bora: 1.0 ukimfunga wa kwanza, 0.9 wa pili, hadi 0.1 kwa wa kumi.

Jumamosi ya Desemba 6 Oklahoma, iliyokuwa haijapoteza mechi hata moja, ilichapwa 35–7 na Kansas State katika fainali ya ligi yake ya Big 12. Siku hiyohiyo LSU (Louisiana State) iliifunga Georgia 34–13 katika fainali ya ligi yake ya SEC, na USC ikaifunga Oregon State 52–28. Timu tatu, kila moja imepoteza mara moja. Kesho yake kura zote mbili ziliipanga USC ya kwanza, LSU ya pili, Oklahoma ya tatu. Jedwali la BCS likatoka hivi:

Oklahoma: 3 + 1.17 + 0.44 + 1 − 0.50 = 5.11
LSU: 2 + 1.83 + 1.16 + 1 − 0 = 5.99
USC: 1 + 2.67 + 1.48 + 1 − 0 = 6.15

Timu ya kwanza kwa waandishi na kwa makocha ikakosa fainali kwa pointi 0.16.

Msimamo wangu nauweka mapema. Miaka yote hii watu wanabishana LSU au USC, wakati timu ambayo nafasi yake ilipaswa kuhojiwa ni Oklahoma. Imepigwa mabao mengi wiki ya mwisho, haikutwaa hata ubingwa wa ligi yake, na bado ikamaliza kileleni kwa pengo kubwa. Fomula iliyotoa jibu hilo ina kasoro ya muundo, na inaonekana ndani ya jedwali.

---

Kona_ya_Yadi

Asante mkuu, wengi tulikuwa na jumla tu, hatukuwa na mchanganuo. Swali: hiyo 0.16 ni sawa na nini uwanjani? Yaani ingehitajika nini kibadilike?

---

Jedwali_Wazi

Vitu vidogo sana, ndugu yangu.

Chukua kompyuta. USC ina 2.67, yaani jumla ya nafasi 16 ukigawanya kwa 6. Kompyuta moja kati ya zile sita zinazohesabiwa ingeipandisha USC nafasi moja tu, jumla inakuwa 15, wastani 2.50, na USC inamaliza na 5.98 dhidi ya 5.99 ya LSU. Nafasi moja kwenye programu moja!

Au chukua ratiba. USC ilikuwa ya 37, LSU ya 29, Oklahoma ya 11. Nafasi nne za ratiba ni 0.16, pengo lote. Ya tano inaivusha.

---

Desimali

Nyongeza ndogo kwa mleta uzi. Usipokata desimali, LSU ina 5.9933 na USC 6.1467. Pengo halisi ni 0.1533, si 0.16. Kwa hiyo USC ingekuwa ya 33 kwa ratiba ingepata 5.9867 na kuvuka. Kwa namba zilizochapishwa zenye desimali mbili wangefungana 5.99 kwa 5.99, halafu ndipo ugomvi ungekuwa mkubwa kuliko huu.

---

Jedwali_Wazi

Sahihi kabisa, Desimali.

---

Bi_Ratiba

Nikae kwenye ratiba, maana ndipo USC ilipoumizwa na mambo ambayo isingeweza kuyagusa.

Ugumu wa ratiba ulipimwa hivi: theluthi mbili ni asilimia ya ushindi wa wapinzani wako, theluthi moja ni ya wapinzani wa wapinzani wako. Halafu timu zote zinapangwa kwa namba hiyo, na ni nafasi inayoingia kwenye fomula. Namba yenyewe haiingii. Hapo pana shida mbili.

Ya kwanza, wapinzani wako wanaendelea kucheza bila wewe. USC ilikuwa imeshaifunga Notre Dame 45–14 na Hawaii 61–32. Ile Jumamosi ya Desemba 6 Notre Dame ikafungwa na Syracuse 38–12 na kumaliza 5–7 (ushindi 5, kupoteza 7), na Hawaii ikafungwa na Boise State 45–28. USC ilikuwa uwanjani kwake ikiishughulikia Oregon State, huku ratiba yake ikiporomoka Syracuse na Honolulu.

Ya pili, kupanga kwa nafasi kunakuza tofauti ndogo. Wapinzani 12, kila mmoja na mechi kama 11 ukiondoa ile dhidi yako, ni mechi karibu 130. Matokeo ya mechi moja yakigeuka yanasogeza ule wastani kwa karibu 0.005 tu. Lakini katikati ya jedwali timu zimesongamana, na 0.005 inaweza kukushusha nafasi kadhaa. Kila nafasi ni 0.04. Fomula inakuadhibu kwa tofauti ambayo kwa kipimo cha awali karibu haionekani.

LSU yenyewe ilipata mechi ya kupandia. SEC ilikuwa na timu 12, na kanuni ya wakati ule iliruhusu fainali kwa ligi yenye timu 12. Kwa hiyo LSU ilikutana na Georgia mara ya pili (ya kwanza ilishinda 17–10). Pac-10, ligi ya USC, kama jina linavyosema, ilikuwa na timu kumi. USC haikuwa na fainali ya kucheza hata ingetaka.

---

Tiger_wa_Bayou

Dada, hapo nakukatiza kwa heshima. Unaisema ile fainali kana kwamba LSU ilipewa zawadi. Fainali ni mechi ngumu unayoweza kupoteza. Oklahoma ilicheza yake na ikapigwa. LSU iliingia Atlanta ikijua ikifungwa imekwisha, ikashinda kwa pointi 21. USC haikubeba hatari hiyo.

Na msisahau nani alipoteza kwa nani. USC ilifungwa na California 34–31 baada ya vipindi vitatu vya muda wa ziada, Septemba 27. LSU ilifungwa nyumbani na Florida 19–7, Oktoba 11. Hakuna mwenye kosa zuri hapa.

Wapinzani waliokutana na zote mbili ni Auburn na Arizona. USC iliifunga Auburn 23–0 ugenini na Arizona 45–0. LSU iliifunga Auburn 31–7 na Arizona 59–13. Mtu anitafutie tofauti ya maana hapo.

---

Bi_Ratiba

Sijasema ilipewa, kaka. Nimesema fomula ilihesabu kitu ambacho timu mbili zilikuwa nacho na ya tatu isingeweza kuwa nacho. Kuhusu Auburn na Arizona naafiki. Ukinipa zile mechi nne tu siwezi kuzitenganisha.

---

Kona_ya_Yadi

Basi dawa si ilikuwa kuondoa kipengele cha ratiba? Kompyuta tayari zinapima wapinzani. Kukiweka tena peke yake ni kuhesabu mara mbili.

---

Desimali

Kuhesabu mara mbili ni kweli. Mara tatu, hasa: kompyuta zinapima wapinzani, kipengele cha ratiba kinapima wapinzani, na punguzo la kumi bora linapima wapinzani walewale. Kura zinapima mara moja tu.

Lakini ondoa ratiba uone kinachotokea:

Oklahoma: 5.11 − 0.44 = 4.67
USC: 6.15 − 1.48 = 4.67
LSU: 5.99 − 1.16 = 4.83

LSU ndiyo inatoka! Oklahoma na USC wanafungana juu. Umeondoa dhuluma moja umeleta nyingine, tena kubwa zaidi kwa maoni yangu, maana LSU ilikuwa na ubingwa wa ligi na nafasi ya pili kwenye kura.

Sasa acha ratiba ibaki, uondoe punguzo la kumi bora peke yake. Oklahoma inakuwa 5.61, bado ya kwanza. Hakuna kilichobadilika.

Ondoa vyote viwili:

USC 4.67, LSU 4.83, Oklahoma 5.17.

Hapo tu ndipo fainali inakuwa USC na LSU. Kwa hiyo anayesema "kompyuta ziliharibu" hajafika. Kompyuta zikiwa vilevile, na kura zikiwa vilevile, fainali inakuwa ile ambayo waandishi na makocha wote waliiona. Kilichoiokoa Oklahoma ni viraka viwili vilivyoshonwa juu ya kompyuta.

---

Jedwali_Wazi

Hii ndiyo hesabu niliyoitaka kwenye uzi huu. Na punguzo la kumi bora lilikuwa kiraka kweli. Liliwekwa 2001, likianza na timu 15 bora, kwa sababu msimu wa 2000 Florida State ilicheza fainali huku Miami, iliyokuwa imeifunga, ikiachwa nje. Mwaka huohuo wa 2001 Nebraska ikafungwa 62–36 na Colorado, ikaenda fainali hata hivyo, ikapigwa 37–14 na Miami. Kila kiraka kilitengenezwa kwa kesi ya mwaka uliopita. 2003 kile cha Miami kikaipa Oklahoma 0.50 kwa kuifunga Texas, iliyomaliza ya sita.

---

Sooner_Mtulivu

Naomba haki kidogo kwa upande wetu wa Oklahoma. Hiyo Texas haikufungwa kwa bahati, ilifungwa 65–13. Texas A&M ilifungwa 77–0. Alabama ilifungwa kwake 20–13. Timu ilicheza mechi 12 bila kupoteza. Mechi moja mbaya ifute yote?

---

Mhandisi_wa_Nafasi

Haifuti mkuu, na hakuna aliyesema Oklahoma ilikuwa timu mbovu. Swali ni kwa nini zile kompyuta hazikutikisika baada ya 35–7. Jibu ni mambo mawili.

La kwanza, kuanzia 2002 BCS ilipiga marufuku kompyuta kutumia tofauti ya mabao. Sababu ilikuwa ya heshima: hawakutaka makocha wawarundikie wanyonge mabao ili kupendeza programu. Athari yake ni kwamba 35–7 kwa kompyuta ilikuwa sawa na kufungwa 34–31 katika muda wa ziada wa tatu. Zote ni "imepoteza". Kwa haki, na ile 77–0 ilisomwa kama "imeshinda" tu, kwa hiyo zile mechi unazozitaja hazikuisaidia Oklahoma huko.

La pili, kwa njia kama ya Colley, moja ya zile kompyuta saba, mechi ya Septemba na ya Desemba zina uzito uleule. Njia hiyo imechapishwa wazi, mtu yeyote anaweza kuifuata. Kabla ya kuangalia wapinzani, kila timu inaanza na alama hii: ushindi ongeza 1, gawanya kwa mechi ongeza 2.

Oklahoma, mechi 13, ushindi 12: 13 ÷ 15 = 0.867
USC, mechi 12, ushindi 11: 12 ÷ 14 = 0.857

Baada ya hapo alama zinarekebishwa kwa nguvu za wapinzani, kwa mfumo wa milinganyo inayotatuliwa kwa pamoja. Lakini angalieni mahali pa kuanzia: Oklahoma iliyotoka kuchapwa iko juu ya USC kwa sababu ina mechi moja zaidi. Ukifika kwenye wapinzani, ratiba ya Oklahoma ni ya 11 na ya USC ni ya 37, pengo linapanuka.

Kwa hiyo kompyuta haikukosea. Iliulizwa "nani ana rekodi nzito kuliko wote msimu mzima bila kujali lini na kwa kiasi gani?" na ikajibu. Binadamu waliokuwa wanapiga kura walikuwa wanajibu swali jingine: "leo nani bora?" BCS ikajumlisha majibu ya maswali mawili tofauti kana kwamba ni swali moja.

---

Sooner_Mtulivu

Hilo nalikubali. Na tusizunguke, Sugar Bowl, iliyokuwa fainali ya BCS msimu ule, iliamua mengi. Januari 4, 2004, New Orleans, LSU 21, Oklahoma 14. Kwotabeki (mrusha pasi) wetu Jason White, aliyekuwa ametoka kupewa tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo, alikamilisha pasi 13 kati ya 37, yadi 102, na mbili zikadakwa na wapinzani. Moja ya hizo Marcus Spears aliirudisha moja kwa moja kuwa tachidauni. Ulinzi wa Nick Saban ulikuwa umesoma kila kitu.

---

Kona_ya_Yadi

Na USC?

---

Bi_Ratiba

USC ilipelekwa kwenye mechi nyingine, Rose Bowl, Januari 1, ikaifunga Michigan 28–14. Ndiyo ile mechi ambayo mpokeaji Mike Williams alimrushia pasi kwotabeki wake, Matt Leinart, akafunga.

Baada ya hapo AP iliipa USC kura 48 za kwanza na LSU 17. Makocha waliipa LSU 60, na USC 3. Mabingwa wawili, hali ileile ambayo BCS iliundwa kuizuia.

---

Tiger_wa_Bayou

Makocha 60 kwa 3, jamani. Watu wa mchezo wenyewe.

---

Bi_Ratiba

Kaka, hiyo 60 isomwe na mkataba wake. Chama cha makocha kilikuwa kimekubaliana na BCS kwamba mshindi wa fainali atawekwa wa kwanza katika kura ya makocha. Kabla ya mechi za Januari makocha haohao walikuwa wameiweka USC ya kwanza, na USC ikashinda mechi yake. Hao watatu walioipigia USC ndio waliovunja makubaliano. Huwezi kutumia namba hiyo kama maoni huru, ni kama sahihi kwenye mkataba.

Hili haliipunguzii LSU kitu. Ilifunga kila aliyewekwa mbele yake baada ya Oktoba. Ila 60–3 haipimi chochote.

---

Mhandisi_wa_Nafasi

Kwa wanaouliza kilichofuata: 2004 BCS ilitupa ratiba, mechi zilizopotezwa na punguzo la kumi bora. Ikabaki theluthi mbili kura, theluthi moja kompyuta. Ukiipitisha 2003 kwenye uzito huo kwa nafasi tu (fomula ya 2004 ilitumia alama za kura badala ya nafasi, kwa hiyo hii ni makadirio), USC inapata 1.56, LSU 1.94, Oklahoma 2.39. Mpangilio wa kura unarudi.

Na haikusaidia. 2004 hiyohiyo USC, Oklahoma na Auburn zilimaliza bila kupoteza, nafasi ni mbili, Auburn ikaachwa nje na rekodi ya 13–0 baada ya mechi yake ya mwisho. AP ikaiandikia BCS isitumie tena kura yake, na kuanzia 2005 kura ya Harris ikachukua nafasi hiyo. Timu tatu haziingii kwenye viti viwili hata ubadilishe vipi uzito.

---

Kona_ya_Yadi

Swali la mwisho kwa wataalamu. Mfumo wa timu nne ulioanza 2014 ungekuwapo 2003, nani angecheza na nani?

---

Desimali

Inategemea unapanga kwa jedwali lipi. Ya nne ilikuwa Michigan kwa BCS na kwa waandishi wa AP.

Kwa jedwali la BCS, wa kwanza na wa nne ni Oklahoma na Michigan. Wa pili na wa tatu ni LSU na USC. Yaani mechi ambayo kila mtu aliitaka ingechezwa nusu fainali.

Kwa mpangilio wa AP, wa kwanza na wa nne ni USC na Michigan. Wa pili na wa tatu ni LSU na Oklahoma.

---

Tiger_wa_Bayou

Hizo za AP ndizo mechi zilizochezwa kweli! Rose Bowl na Sugar Bowl.

---

Desimali

Ndizo hizo, bila kubadilisha hata timu moja. Nusu fainali zote mbili zilichezwa, Januari 1 na Januari 4, na washindi wakapatikana: USC 28–14, LSU 21–14. Kilichokosekana ni fainali, na mfumo wa BCS haukuwa na mechi nyingine yoyote baada ya Sugar Bowl.